Baba Alipokuja Masisi

Jumatatu, 3 Juni

Maziwa yamechelewa tena. Wachungaji wanasema mvua ya jana imeharibu njia. Nimeyachuja jua likiwa tayari juu. Sufuria moja limeganda vizuri. La pili lina harufu ambayo sikuipenda. Nimelimwaga lote. Mgongo unauma. Mtoto anapiga teke kila nikiinama, kama anauliza kazi hii itaisha lini.

Mume wangu Kambale bado yuko upande wa Walikale na lori lake. Alikwenda kuchukua mawese. Alisema siku nne. Zimepita, na kule hakuna mtandao. Mke wa mtu wa lori anazoea mengi. Hili sijalizoea.

Mchana dada yangu Veronika amepiga kutoka Kigoma. Baba yuko njiani! Ameshapita Burundi, jana amelala Bukavu, keshokutwa atashuka na boti Bweremana. Hakutaka niambiwe. Nikafurahi mpaka nikakaa chini. Tangu niolewe huku hajawahi kukanyaga Kongo. Ndipo Veronika akashusha sauti: "Skola, anakuja kukuchukua. Amesema mtoto huyu hutamzalia huko."

Nilisimama. Nikaendelea kusukuma fromaji, maziwa yaliyoganda, kwenye kalibu. Sijui furaha ilienda wapi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeshuka Bweremana kwenye gari la makabichi. Nilikaa mbele, dereva alinionea huruma kwa tumbo hili.

Baba amepungua. Koti lake la ualimu limekuwa kubwa. Amebeba migebuka, samaki wakavu wa ziwa letu la Kigoma, kwenye mfuko wa sandarusi, safari yote hiyo, kuniletea mimi ninayekaa karibu na ziwa jingine. Ilinibidi nigeuke nifute macho.

Wanawake wanaouza sambaza, dagaa wa huku, wakamzunguka. "Papa, karibu! Papa, fika huku! Sambaza iko ya leo!" Akanisogelea sikioni: "Kwa nini wananiita samaki?" Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nikamweleza kwamba huku papa ni baba. Akasema, basi si waseme baba.

Alilitazama tumbo mara moja tu. 

Tukapanda gari la kurudi. Kwenye kila kizuizi alitoa hati zake na kuzishika mkononi, hata pale ambapo hakuna aliyeziuliza. Nilitaka atazame milima. Alikuwa anatazama bunduki.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimemtembeza. Nilikuwa nimepanga njia yote kichwani tangu jana: soko, parokia, kisha kilima cha nyuma pale ambapo mji wote unaonekana. Naupenda mji huu. Nilitaka auone kwa macho yangu, siyo kwa redio.

Sokoni alipima maharage kwa kiganja na kusema ni mazuri. Barabarani chukudu imetushukia kwa kasi, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imejaa viazi, mwenyewe amepiga goti juu yake. Baba akaruka mtaroni. Nilidhani atakasirika. Akamfuata yule mtu hadi chini na kumwuliza anafungaje breki. Mtu akamwonyesha kipande cha tairi kinachokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma. Baba akainama, akakigusa, akauliza tena. Huyo ndiye baba ninayemjua.

Jirani yangu Mama Bahati alitukuta njiani na mzigo wake wa sombe, majani ya muhogo. Ni Muhunde, kabila la hapa hapa, mama wa mtaa mzima. Akasema amefurahi kwamba baba "iko" kwetu. Baba, mwalimu wa Kiswahili miaka yote, hakuweza kujizuia. "Si iko, mama. Yupo."

Mama Bahati akatua mzigo ili acheke vizuri. "Papa, huku kila kitu iko. Ata Mungu iko."

Juu ya kilima tulikaa. Malisho juu, mashamba chini yake, moshi wa jikoni ukipanda kutoka bondeni. Nikangoja. Baba akasema, "Ni pazuri." Nikashusha pumzi. Akaongeza, "Pazuri pa kutazama."

Iliniuma.

Ijumaa, 7 Juni

Nikisema fromaji ananisahihisha: jibini. Nimempa kipande. Amekitafuna kwa adabu kama dawa, akaomba maji.

Jioni nimekuta fromaji ya ubaoni imepungua upande mmoja. Sikuuliza.

Kambale kimya. Baba ameuliza mara mbili mume wangu yuko wapi. Nimejibu njiani. Njiani wapi? Sijui. Uso wake ukasema yote.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Watu wamejipanga kumsalimia. Papa Tanzania, ndilo jina lake sasa, kwa kuwa mimi ni Mama Tanzania. Ameshikwa mikono mpaka akachoka. Kwenye nyimbo alijitahidi. Ule wa Kihunde aliupigia makofi tu, nje ya mwendo.

Baada ya misa mzee mmoja akamwambia, "Binti yenu njo mutu yetu," yaani ndiye mtu wetu. Nilidhani baba atafurahi. Akajibu kwa upole sana kwamba mtoto huazimwa tu, kisha hurudishwa. Mzee akadhani ni utani.

Haikuwa utani. Nimeanza kuogopa.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi risasi. Ng'ambo, nyuma ya mlima wa pili. Chache, kisha kimya, kisha tena. Soko lote likasimama. Watu wakainua mizigo, wakasikiliza. Mama Bahati akasema, "Iko mbali." Tukangoja. Baadaye mmoja akatua kikapu chake, mwingine naye akatua, bei zikaanza tena. Ndivyo tunavyoishi. Sisemi ni vizuri.

Nikaenda kupokea maziwa. Niliporudi nimemkuta baba chumbani kwangu. Begi langu liko kitandani, limejaa nusu. Anakunja vitenge vyangu. Anavikunja vizuri, kona kwa kona, kama alivyokuwa akikunja sare zetu za shule.

"Kesho kuna gari," akasema. "Nimeshaulizia."

"Ulimwuliza nani kama mimi nasafiri?"

"Mimi ni baba yako, Skolastika."

Nikavitoa. Akavirudisha. Nikavitoa tena. Watu wazima wawili na begi moja. Nikamwambia nina mume, nina kazi, nina nyumba. Akasema, mume yuko wapi? Kisha akasema lile.

"Umeshazika mmoja hapa."

Hakuna aliyewahi kulisema hivyo ndani ya nyumba hii. Perpetua alikuwa na miezi minne. Vita iliposogea tulikimbilia milimani, mvua ikatunyeshea usiku kucha, kifua chake kikashindwa. Ana jina la mama yangu. Baba hakuja kuzika, njia zilikuwa zimefungwa. Nalijua hilo. Sikumlaumu. Lakini leo nimemchukia. Nimeketi kwenye chumba cha fromaji mpaka miguu ikawa baridi.

Gari la kesho liende.

Jumanne, 11 Juni

Gari limeondoka bila sisi. Hatusemezani. Begi liko pale pale kitandani, nimelala pembeni yake. Kambale hakuna.

Jumatano, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa niende Kingi kumwona mama anayenipa maziwa mengi kuliko wote. Njia ilikuwa shwari, wachungaji wamethibitisha, na nesi anasema kutembea kunanifaa. Baba akavaa koti. Hatembei na mimi, alisema, ila haniachi nitembee peke yangu. Akanibebea mfuko. Tukaenda hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Tulipokuwa tunaanza kurudi tumesikia watu wanashuka kutoka milima ya juu, wanaita. Wanaume wanne wamebeba tipoyi, machela ya miti, blanketi limefungwa kati. Ndani mwanamke. Uchungu ulimshika tangu juzi na mtoto hatoki. Nyuma yake mama mkwe na beseni. Wale wanne walikuwa wamemaliza nguvu. Mmoja miguu inamtetemeka.

"Badilisha!" akaita.

Watu wakatoka mashambani. Waliacha majembe yamesimama kwenye matuta. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani, wa kabila gani, ameolewa wapi. Waliingiza mabega. Wakaenda hatua za haraka, na mbele tena, badilisha, wengine wakatoka kwenye maharage. Hata mwanamke mmoja mnene aliingia, akafunga kitenge kiunoni, akabeba kama mwanamume.

Kwenye mpando ule mbaya kabla ya mji, mwanamume mmoja aliyejaa matope usoni akamgeukia baba. Hapakuwa na mwingine karibu.

"Papa, uko na bega?"

Baba akanipa koti lake. Hakunitazama. Akaingia chini ya mti.

Nilitaka kupiga kelele. Ana umri, ana moyo wenye presha. Nilitembea nyuma na yule mama mkwe, tumeshikana mikono, nasema salamu Maria kwa sauti. Shingo ya baba ilikuwa imetoka mishipa. Alipokewa. Akapumua, ameinama, mikono magotini. Kisha nikamsikia akiita mwenyewe "Badilisha!" na akaingia tena.

Hospitali wakampokea mwanamke mlangoni. Wabebaji wakanawa miguu bombani. Wakarudi. Hivyo tu. Wengine walikuwa na njia ndefu na majembe yao bado yako shambani. Baba alitaka kuwashukuru mmoja mmoja, akakuta wameshapotea barabarani.

Njiani kuja nyumbani hakutangulia tena. Tulitembea pamoja.

Alhamisi, 13 Juni

Bega la baba limevimba. Nimelikanda kwa maji ya moto na chumvi. Akiwa amenipa mgongo, akaanza kusema. Nafikiri ingekuwa uso kwa uso asingeweza.

Amenisimulia siku mama alipofariki. Nilikuwa mdogo, najua tu kwamba alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Sikujua mengine. Sikujua kwamba baba alimpakia kwenye baiskeli. Kwamba aligonga milango ya mtaa na ilikuwa saa ya watu kuwa mashambani. Kwamba alisukuma baiskeli peke yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukimshika mama asianguke. Na hospitali ilikuwa inaonekana. "Paa lake nilikuwa naliona, Skola. Naliona kabisa."

Niliendelea kukanda. 

"Ningepata mabega kama yale ya jana," akasema. Hakumalizia.

Nimelia. Na yeye amelia. Maji yakapoa. Nikachemsha mengine.

Mchana tumekwenda hospitali. Mwanamke ni mzima. Amepasuliwa, amepata msichana, wa kelele sana. Wamempa jina Aksanti, ndiyo asante ya huku. Baba akamwambia mama mkwe kwamba ni jina zuri.

Ijumaa, 14 Juni

Alipomaliza chai alisema, "Umenionyesha soko, kanisa na milima. Bado mjukuu wangu."

Nilikuwa sijapanga kumpeleka kaburini. Mimi mwenyewe siendi sana tangu mimba hii. Naogopa, sijui naogopa nini.

Tumepanda polepole. Baba alikuwa anatazama vichaka vya pembeni, akijiandaa. Nilimwelewa baadaye. Tulipofika alisimama kama mtu aliyekosea mahali. Kaburi ni safi. Mawe meupe pande zote, majani yamekatwa, na maua ya rangi ya machungwa yameota upande wa kichwa.

"Nani anafanya hivi?"

Mama Bahati. Kila akienda kuchuma sombe anapita. Sikumwomba. Siku ile milimani ndiye aliyembeba Perpetua mimi nilipoishiwa nguvu, na anasema mtoto uliyembeba humwachi.

Baba alichuchumaa. Alisema, "Mimi nilidhani ameachwa porini. Miaka hii yote ndivyo nilivyokuwa nikimwona." Akamwita kwa jina lake lote, na la ukoo, na la babu yake. Akamwambia yeye ni nani na kwa nini amechelewa. Nikarudi nyuma kidogo niwaache.

Alirudi akapita kwanza kwa Mama Bahati. Sikuingia. Nilisikia mama akisema, "Papa, usilie, kunywa chai." Basi.

Jumamosi, 15 Juni

Kambale! Amefika mchana kwa miguu, matope mpaka kiunoni, ndevu, amekonda. Daraja lilivunjika ndani ya msitu. Lori liko ng'ambo na msaidizi wake, turnboi, mzima, mawese mazima. Watu wa kijiji kimoja cha Walikale wamewalisha muda wote, hata fungu la nyama ya kukaushwa kwa moshi wamempa aniletee. Nimempiga kifuani. Kisha nimemkumbatia mbele ya baba. Aibu nimeisahau.

Alioga, akavaa shati safi, akamsalimia baba kwa mikono miwili na kukaa kwenye kiti cha chini. Mnande, ndilo kabila lake, akisalimia mkwe utadhani yuko mbele ya askofu. Baba akamhoji kama mwanafunzi. Daraja gani, mto gani, nani analinda lori. Kambale akajibu yote. Mwisho baba akasema wazi kwamba alikuja kunichukua.

Kambale akainuka kitini. Akasema, "Papa, akitaka kwenda, mimi mwenyewe nitamupeleka mpaka kwenu. Akitaka kubakia, tutabakia. Mutoto iko mu tumbo yake, njo yeye atasema."

Wakanitazama wote wawili. Nilikuwa na hotuba, nimeitunga siku tatu. Imenitoka kichwani. Nimesema, "Nabaki."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka sharti. Milio ya risasi ikisogea, hata kidogo, nishuke mapema nikangoje uzazi kwenye mji mkubwa wa ziwani, nisisubiri wengine wakimbie kwanza. Nisione aibu kuwa wa kwanza. Nimekubali. Nimekubali kwa moyo, si kumridhisha. Nami naogopa, sikuwahi kumwambia hilo. Leo nimemwambia.

Nimerudi chumbani nimetoa begi kitandani. Vitenge nimeviacha vimekunjwa vilivyo. Vimekunjwa vizuri kuliko ninavyoweza.

Jumanne, 18 Juni

Ameondoka. Kambale amemshusha Bweremana. Mimi nimemuaga hapa barabarani, tumbo halitaki tena magari. Alishika kichwa changu kwa mikono yote miwili akaniombea, kwa sauti, mbele ya wauza viazi. Nao wakaitikia amina.

Mzigo: fromaji mbili kubwa, maharage ya Mama Bahati, na gurudumu dogo la chukudu alilonunua, Mungu ajua la nini.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimefanya kazi ili nisifikiri. Maziwa yamekuja kwa wakati. Yote yameganda.

Jumapili, 23 Juni

Jioni baba amepiga. Amefika salama, miguu imevimba, anakula. Akauliza mtoto anachezaje, Kambale amepata lori lake? Ndiyo, Ijumaa. Akasema vizuri, vizuri, tukaagana. Lakini hakukata simu. Ameiweka pembeni tu, nadhani kwenye kile kistuli cha barazani. Nikasikia viti vinasogezwa, majirani zake wanaingia, kisu kinagonga sahani. Anawakatia fromaji. Mmoja analalamika inanuka. Baba anamwambia atafune polepole, aache haraka.

Kisha anawaeleza. Milima, anasema, kofia inakudondoka ukiitazama. Wanamwuliza juu ya vita. Anakubali, ipo, hawezi kuwadanganya. Mwingine anauliza mbona basi amemwacha binti huko peke yake.

"Peke yake?" baba akasema. "Ninyi hamjui. Kwetu kule Masisi mtu akianguka habaki chini."

Akaendelea. Mimi nimekaa kizingitini, simu sikioni, Kambale ananiita chakula kinapoa. Sikukata. Nimemsikiliza mpaka vocha yake ikaisha.